Aliyeona Aibu Kushukuru

Mwalimu wetu wa kwaya hakuwahi kufundisha shule yoyote. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji, na kwa kazi hiyo alizijua nyumba zote za Kirumba, zilizo barabarani na zile zilizojibana kati ya mawe kule juu mlimani. Siku za kazi watu walimkwepa. Mtoto alitumwa mlangoni kusema mama hayupo, huku miguu ya mama ikionekana chini ya pazia. Ikifika Jumapili watu walewale walimpa mkono kwa heshima zote na kumwita Mwalimu, naye hakumkumbusha mtu hata mmoja yaliyotokea katikati ya wiki. Nilimuuliza siku moja kama jambo hilo halimuudhi. Alisema mtu anayejificha bado ana haya, na mwenye haya anaweza kufundishwa kuimba.

Nilijiunga na kwaya nikiwa msichana, ndiyo kwanza nimepata kazi ya kuuza vitambaa katika duka la familia moja ya Kihindi mjini. Mama mwenye duka aliniruhusu kutoka mapema siku za mazoezi, kwa sharti kwamba kesho yake nimwimbie wimbo tuliojifunza. Nilimwimbia huku nikikunja vitambaa, naye alisikiliza chini ya picha za miungu yake, udi ukifuka. Nilipomsimulia Mwalimu, alitaka kujua mama yule humwambia nini mungu wake mtoto anapougua, na kama majibu anayopata yanafanana na yetu. Sikupenda swali hilo. Nilimwambia hayo ni ya kwake na dini yake. Mwalimu alitikisa kichwa taratibu, akasema nyumba ile ameisomea mita miaka mingi, ila huishia uani tu.

Mwenyewe sauti hakuwa nayo. Akiimba ilikwaruza kama mlango wa bati, kwa hiyo alitufundisha kwa mikono na nyusi zaidi. Mfukoni hakukosa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na aliwagawia waliokuja mazoezini bila kula. Bigijii mdomoni mwa mwimbaji aliichukia. Jambo lingine lililomsumbua ni ndimi zetu sisi watu wa kanda hii, ambazo huipeleka ra kwenye la na la kwenye ra kama zipendavyo. Tulipoimba "fulaha" alisimamisha wimbo. Alisema Mungu anaielewa, lakini waamuzi wa mashindano hawana rehema kiasi hicho.

Jumatano jioni mchungaji alikuwa na kipindi cha mafundisho ya Neno, na hapo ndipo Mwalimu alipojulikana kwa maswali. Alinyoosha mkono kama mwanafunzi. Siku moja aliuliza kama yule mtu aliyefufuliwa kutoka kaburini alikuja kufa tena, na kama alikufa tena, je, dada zake walilia kama mara ya kwanza au walikuwa wameshachoka. Tulicheka, na mchungaji pia alicheka hadi akafuta macho, akasema Mwalimu akiachiwa tutalala hapa. Siku nyingine aliuliza kama katika mji ule ambako binti mdogo alifufuliwa, hakukuwa na mtoto mwingine aliyekufa wiki ileile, na mama wa huyo aliyekufa aliwaambia nini majirani. Siku hiyo walicheka wachache.

Mimi nilikuwa namwonea aibu. Nilikuwa na maswali yangu, tena mengine yalifanana na ya kwake, lakini niliyaficha kama mtu anavyoficha soksi iliyotoboka kidoleni. Niliona kwamba mtu mzima, kiongozi wa kwaya, kunyoosha mkono mbele ya wageni na kuuliza mambo kama hayo ni kujidhalilisha. Yeye hakuona hivyo. Alidhani kila mtu ukumbini anataka kujua, ila amekosa wa kumsemea.

Kwa mtu wa maswali mengi hivyo, sala zake zilikuwa fupi ajabu. Kila tulipoalikwa mahali alisimama mlangoni mwa basi, akavua kofia, akasema: "Bwana, utupeleke sote, uturudishe sote." Halafu amina. Akina mama wazee walinung'unika kwamba hiyo si sala, ni taarifa. Aliwajibu kwamba Mungu anaijua barabara, hana haja ya kuelekezwa.

Ndiyo sala aliyoomba siku tulipokwenda kuimba kwenye uzinduzi wa kanisa upande wa Magu. Tuliimba vizuri, tukala wali na nyama, tukaanza safari ya kurudi mchana umekwisha kupinda. Mpiga kinanda wetu, kijana aitwaye Elisha, alikuwa dirishani na jua lilikuwa linampiga, kwa hiyo akahamia mbele. Kiti chake akakichukua Pendo, msichana wetu wa soprano, yule aliyepewa kuanzisha nyimbo zote nzito. Yeye jua halikumsumbua. Alijifunika kanga usoni akalala.

Tulipokaribia Kisesa tairi la mbele lilipasuka. Basi liliserereka, likaacha barabara, likalala ubavu kwenye majaruba ya mpunga. Mimi nilivunjika mkono. Wengine walichubuka, wengine walitoka wamelowa tope tu. Aliyekufa alikuwa Pendo peke yake. Tulimkuta Mwalimu ameketi ndani ya maji ya mpunga, kichwa cha Pendo kikiwa mapajani mwake. Akina mama walimwomba aombe. Aliwatazama, midomo ikafunguka, neno halikutoka. Kondakta, kijana wa Kiislamu, ndiye aliyeinama akamfumba Pendo macho.

Pendo alikuwa mtoto wa mama mmoja wa kanisani kwetu anayeuza dagaa soko la Mwaloni, mjane, mtu wa maneno machache. Tulimzika binti yake kwa nyimbo alizokuwa akizianzisha yeye, na safari hii hakuna aliyejua nani aanzishe.

Baada ya msiba kupoa kidogo, wazee wa kanisa walipanga ibada ya shukrani kwa ajili yetu tuliopona. Kanisa lilijaa. Mama Pendo naye alikuja, akakaa mahali pake pa siku zote, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kubaki nyumbani. Tukaitwa mmojammoja kutoa ushuhuda. Aliposimama Elisha, alisimulia kwamba akiwa kwenye basi alisikia sauti ndani ya moyo ikimwambia, hama kiti hicho. Akahama. Bwana akamwokoa. Kanisa lilipiga vigelegele na makofi. Nilimkumbuka Elisha alivyokuwa akijikinga jua kwa kiganja, lakini sidhani kama alikuwa anadanganya. Alikuwa kijana aliyenusurika, anatafuta sababu. Niligeuka kumtazama Mama Pendo. Na yeye alikuwa anapiga makofi.

Wa mwisho kuitwa alikuwa Mwalimu. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mimi sina ushuhuda," alisema. "Nina swali. Sauti iliyomwambia Elisha ahame, kwa nini haikumwambia Pendo asikae?"



"Naona aibu kushukuru," akaendelea. "Mama Pendo yule pale. Nikisema Bwana ameniokoa kwa sababu ananipenda, nitakuwa nimemwambia yule mama kwamba mtoto wake hakupendwa."

Alinyoosha mkono kumwonyesha, na kanisa zima likageuka kumtazama. Mama Pendo aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa benchi la mbele yake. Mwalimu aliweka kipaza sauti mezani, kikabingirika, kikapiga kelele ya kuumiza masikio. Mchungaji alikuja haraka, akasema tumwombee Mwalimu wetu, huzuni imemlemea. Ikasemwa uanzishwe wimbo. Elisha alikuwa ameweka vidole kwenye kinanda, akashindwa kubonyeza, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto.

Hayo ndiyo watu waliyoyazungumza baadaye kuliko ajali yenyewe. Wazee walimwita Mwalimu kwenye kikao. Mzee mmoja aliyekuwemo alinihadithia kwamba walimpokea vizuri, wakampa chai, wakamwomba jambo moja tu: asimame Jumapili ijayo afute maneno yake. Mwalimu alisema angeweza kuomba radhi kwa kuharibu ibada, na kwa hilo yuko tayari hata saa hiyohiyo. Lakini swali halifutwi, linajibiwa au linabaki. Kama kuna mwenye jibu, aseme, naye atalisimulia kanisani kwa furaha. Wakamwomba apumzike kuongoza kwaya, akakubali, akamalizia chai yake.

Kilichomvunja hakikuwa kikao kile. Kilikuwa ni maneno ya Mama Pendo, na haya nayajua kwa sababu Mama Pendo mwenyewe aliniambia, siku moja nilipokwenda kununua dagaa Mwaloni. Alisema Mwalimu alimfuata pale sokoni akitarajia, alivyoona yeye, kuambiwa asante. Yeye alimwambia hivi: "Mwalimu, kabla ya siku ile nilikuwa mfiwa. Wewe ukanifanya mtu ambaye Mungu amemsahau, na kanisa lote likageuka kunitazama. Hukuniuliza."

Swali lilelile, aliniambia Mama Pendo, alikuwa nalo yeye tangu siku ya maziko. Alikuwa analiuliza jikoni kwake, kwa lugha ya kwao, amefunga mlango. Lilikuwa lake, na Mwalimu alikuja akalitoa nje.

Mwalimu alisimama kati ya wanunuzi, kofia mkononi, akasema, "Nimekosa, mama." Kwa kuwa wateja walikuwa wanasubiri, Mama Pendo alimpa ungo apepete. Akapepeta. Jumamosi iliyofuata akarudi, na nyingine, hadi ikawa kawaida kumwona pale, nguo zimeshika magamba. Wapo waliosema maneno ya hovyo juu ya mwanamume kumfuata mjane sokoni. Aliyasikia. Alisema anastahili kusemwa kwa jambo lingine, basi wacha wamseme kwa hilo.

Alikwenda pia kwa Elisha, kumweleza kwamba swali lile halikumlenga yeye. Elisha hakufungua mlango. Baadaye alihamia kanisa lingine, na mpaka leo akimwona Mwalimu kwa mbali anavuka barabara. Jambo hilo halikupona. Ulipomtaja Elisha, Mwalimu aliinama akatazama viatu vyake. Aliniambia kwamba haki ya kuuliza alikuwa nayo na bado anayo, ila mkono ule aliounyoosha ndio unaomnyima usingizi. Alikuwa amedhani anamtetea mama, kumbe alikuwa anamtumia.

Wengi tulitegemea ataacha kanisa. Hakuacha. Alihamia benchi la nyuma, pamoja na akina mama wenye watoto wachanga, na kila Jumapili alikuwa pale kabla ya kengele. Alifunga siku za kufunga. Wakati wa kukiri imani alisimama kama wengine, lakini kuna maneno aliyapita kimya, midomo imefungwa, halafu akaendelea. Nilikuwa namwangalia kwa pembeni nijue ni maneno gani. Mwaka hadi mwaka hayakuwa yaleyale. Mengine aliyarudia, mengine akayaacha. Sala asiyokubaliana nayo hakuiitikia amina. Lakini alto tukikosea noti, alikunja uso kule nyuma kana kwamba amekanyagwa.

Kuna mwongofu mpya aliyemuuliza, mbele yetu, kama ni kweli amerudi nyuma kiimani. Mwalimu hakukasirika. Alisema: "Mimi sijatoka. Aliyetoka habishani na mwenye nyumba."

Vijana wa chuo nao walisikia habari zake wakamtafuta, wakitaka wamfanye mkubwa wao katika kuwacheka wachungaji. Aliwakaribisha, akawapa michembe, akawauliza ni nani kati yao amewahi kukaa na mfiwa wiki nzima bila kumwambia neno. Aliwaambia waanze na hilo, kucheka kutakuwepo tu. Hawakurudi. Niliona kama vile alisikitika kidogo, maana alipenda watu wa kubishana nao.

Jambo lililotushangaza ni kwamba wagonjwa walianza kumwita. Mzee mmoja wa besi, aliyekuwa amelala muda mrefu na ugonjwa usiosikia dawa, aliwakataa wageni wa kanisani akaomba aletewe Mwalimu. Mkewe aliuliza sababu. Mzee alisema wengine wakija wanamdai apone, na asipopona wanaondoka wamemkasirikia. Mwalimu alikuwa anakaa tu kitini, anamsomea matokeo ya mpira, na mzee akitaka kulia analia. Mchungaji, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema kwenye kikao kwamba hajui Mwalimu anaamini nini, lakini anatamani wazee wengine wangekuwa na imani ya kukaa kitini kiasi hicho. Pamoja na hayo hakurudishwa kwenye kwaya. Naye hakuomba.

Alipostaafu alihamia Buhongwa, kwa binti yake, na tukaanza kuonana kwa nadra. Mimi nilikuwa nimeolewa, nimekuwa kiongozi wa akina mama, mtu wa kusimama mbele na kusema Bwana asifiwe. Nilijua kusimama huko. Maswali yangu yalikuwa bado yamefichwa, na nilikuwa nimezoea.

Kilichonipeleka kwake ni uzazi wa mdogo wangu. Alijifungua salama, kisha damu ikatoka bila kukoma, na kwa muda tulidhani tumempoteza. Akapona. Kwenye kitanda cha pembeni yake alikuwepo mwanamke mwingine, umri uleule, tatizo lilelile, daktari yuleyule. Huyo alikufa. Nyumbani wakaanza kupanga shukrani: mbuzi, turubai, kwaya, na mimi dada mkubwa niseme maneno. Nilijaribu kuyaandaa. Kila nilipofika mahali pa kusema Bwana alimwona mdogo wangu, nilimwona mama wa yule mwingine akikunja kanga za mwanawe na kuzitia kwenye mfuko wa plastiki, haraka haraka, kama mtu anayeona haya kuchukua nafasi. Ulimi ulikataa.

Nilimkuta Mwalimu nyuma ya nyumba anamwagilia mchicha kwa kopo. Alikuwa amekonda, na goti moja halikunjiki tena. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitolea kigoda. Nilimwambia nimekuja na swali.

"Langu au lako?" aliuliza.

"Lako, Mwalimu. Limenifikia."

Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka kwa sababu mimi nilikuwa nalia. Nilimweleza yote. Nilimwambia naona aibu, na kwamba naona aibu zaidi kuona aibu, kwa sababu mdogo wangu yu hai na ninapaswa kufurahi. Nilimwambia pia, kwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote, kwamba kwa miaka mingi nimeomba mbele za watu bila kujua kama kuna anayesikiliza. Nilitegemea ashtuke. Aliendelea kunitazama tu kama mtu anayesubiri mita itulie aisome.

"Mdogo wako alipofungua macho, ulifurahi?"

"Nilifurahi sana."

"Basi mshukuru Mungu kwa hiyo furaha. Ila usieleze sababu. Mimi nilidhani ni lazima nielewe kwanza ndipo nishukuru, nikakaa kimya miaka yote hii, na huku uhai wenyewe ninao."

Nilimuuliza kama swali lake liliwahi kujibiwa. Alisema hapana. Alisema bado analiuliza, kila asubuhi, lakini siku hizi analipeleka kwa mwenyewe anayehusika, ameacha kuwapitishia watu wanaolia. Mara nyingine anaondoka amekasirika. Mara nyingine anajisikia kama amekaa na mtu asiyependa kuongea. Hajui zaidi ya hapo, na asingependa niende kanisani nikasema Mwalimu anajua.

Tulikaa. Kuku walikuwa wanachakura kwenye mchicha wake naye hakuwafukuza.

"Yule wa kitanda cha pembeni," alisema, "aliitwa nani?"

Nilikuwa nimelala wodini pale, chini kati ya vitanda viwili. Beseni lake nililiazima nikamfulia mdogo wangu. Chai ya mama yake niliinywa. Nilizijua kanga zake na namna alivyokuwa akikunja vidole vya miguu maumivu yakija, na nilikuwa nimebeba kifo chake mpaka Buhongwa kuja kukifanya swali. Jina lake sikuwahi kuuliza.

"Sijui," nilisema.

Hakunilaumu. Alijisukuma akasimama, akanisindikiza hadi njia ya barabarani, goti likimuuma. Tulipoagana alisema, "Ukilipata, unipigie. Na mimi nimtaje nikiomba asubuhi."

Sikwenda nyumbani, nilirudi hospitali. Muuguzi aliniuliza kama mimi ni ndugu, nikasema hapana, akauliza sasa unamtakia nini, na uso wangu uliwaka moto kwa sababu sikuwa na jibu la kumpa mtu aliye kazini. Akanitazama, akaenda na shughuli zake. Mama mmoja aliyekuwa bado amelazwa, ambaye alikuwa ametusikia, aliniita kitandani kwake. Alisema marehemu aliitwa Minza. Watu wa Misungwi. Mtoto yuko kwa bibi yake, ananyonya kwa chupa.

Nilitoka kwenye korido nikampigia Mwalimu. Nilimpa jina, na habari za mtoto. Alilirudia taratibu, Minza, kisha tena, Minza, kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Nilimsikia akipumua. Watu walikuwa wanapita na machela na vyombo vya chakula, wananitazama nimesimama pale na simu sikioni, machozi yakinitoka. Sikukata. Nilisubiri mpaka yeye alipokata.